Mkono Juu ya Mkono

Nyumbani kwa bibi yangu, Pangani, palikuwa na mbuzi asiyekula majani. Alikaa pembeni ya jiko mwaka mzima, miguu yake ya mti imekunjwa, meno yake ya chuma yameelekea mlangoni, na kila ilipokaribia adhuhuri alikuwa na kazi.

Nilikuwa na miaka 6 hivi bibi aliponikalisha juu ya mbuzi huyo kwa mara ya kwanza. Akachuchumaa nyuma yangu, akapitisha mikono yake kwapani mwangu, akaufunika mkono wangu ulioshika kizio cha nazi, akaanza kukuna. Kwa kweli sikukuna mimi. Nilikaa tu, nikauacha mkono uende unakopelekwa.

"Geuza," akasema sikioni. "Geuza tena. Ukiona weusi, acha."

Weusi ni ile ngozi iliyogandamana na kifuu. Ukiifikia, nazi inachafuka na tui linatoka kama maji ya mto wakati wa masika.

Siku zikaenda. Mikono ya bibi ikazidi kuwa miepesi juu ya wangu, mpaka siku moja akainuka kutazama wali nami nikabaki nakuna. Shangazi akapita, akanikuta nanong'ona peke yangu: geuza, geuza tena, ukiona weusi acha. Akacheka.

"Huyu mtoto anaongea na nani?"

"Mwache," bibi akajibu bila kugeuka. "Anaongea na mimi."

Ndugu wananchi wenzangu, nimefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30. Sasa nimestaafu na nina wajukuu. Katika miaka hiyo nimesoma vitabu kadhaa juu ya namna mtoto anavyokua na kuwa mtu mwenye tabia na nafsi yake mwenyewe. Hakuna kilichonishangaza kama kugundua kwamba jibu lile la bibi lilikwisha kuandikwa zamani, kwa lugha ya kitaalamu, na mtu wa nchi ya theluji isiyojua mnazi.

Mtu huyo ni Lev Vygotsky. Alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Orsha, akakulia Gomel, miji ambayo leo iko Belarus. Kwao walizaliwa watoto 8, yeye wa pili. Kabla ya kuwa mwanasaikolojia alifundisha shuleni, na nakiri kwamba hilo lilinifanya nimpende kabla sijamwelewa. Mwaka 1924 aliitwa Moscow kufanya utafiti, na wakati huo kifua kikuu kilikuwa kimekwisha kumwingia. Alipata miaka 10 tu ya kazi. Alifariki Juni 1934 akiwa na miaka 37.

Miaka 2 baada ya kifo chake, utawala wa Kisovieti ulipiga marufuku tawi la elimu ya watoto alilohusishwa nalo, na maandishi yake yakawekwa kando hadi katikati ya miaka ya 1950. Wenzake, akina Alexander Luria na Alexei Leontiev, waliyabeba mawazo hayo mpaka yakatoka tena. Leo wataalamu wanaliita fundisho hilo saikolojia ya kitamaduni na kihistoria.

Jina ni refu, lakini msilikimbie. Lina maana ya kawaida kabisa. Akili ya binadamu haifanyi kazi mikono mitupu. Inatumia vyombo: maneno, hesabu, alama, hadithi, desturi. Vyombo hivyo hakuvizua mtoto. Alivikuta, kama nilivyomkuta mimi yule mbuzi wa bibi, aliyechongwa na fundi nisiyemjua, kwa ufundi uliotoka kwa wazee wake. Na havimfikii mtoto kwa upepo. Vinamfikia kupitia kwa mtu.

Vygotsky alisema kila uwezo wa juu wa akili hutokea mara mbili katika maisha ya mtoto. Kwanza hutokea kati ya watu wawili, kisha ndani ya yule mmoja. Kukumbuka, kujizuia, kupanga, kuamua, hata kujiona mwenyewe kuwa mtu wa namna gani: yote hayo yalikuwa kwanza mazungumzo kati ya mtoto na mwenzake.

Sisi tunasema mtu ni watu. Mara nyingi tunaitumia methali hiyo misibani na kwenye harusi, tukimaanisha kwamba mtu huhitaji msaada wa wenzake. Lakini hebu isome tena polepole. Haisemi mtu ana watu, inasema mtu ni watu. Waliotutangulia walikuwa wanasema jambo zito kuliko tunavyodhani.

Tazameni kidole cha mtoto mchanga. Yuko mkekani, ananyoosha mkono kuelekea kikombe asichoweza kukifikia. Vidole vinachezacheza hewani. Hapo bado hakuonyeshi kitu. Anajaribu kukishika tu, na ameshindwa. Mama anatupa jicho, anasema, "Aa, unataka kikombe," anampa. Siku nyingine tena, na nyingine tena. Baada ya muda mtoto ananyoosha mkono, lakini safari hii hatazami kikombe. Anamtazama mama. Ule mkono ulioshindwa kushika umekuwa mkono unaosema. Nani kaupa maana? Mama, alipouitikia. Mtoto amekuwa wa mwisho kuielewa ishara yake mwenyewe.

Mfano huo ni wa Vygotsky, na nadhani kila mama anayesoma hapa anaujua kuliko yeye.

Sasa turudi kwenye minong'ono, maana hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mnajua watoto wa miaka 4 au 5 wanavyojisemea wakiwa wanacheza au wanachora. Mwanasayansi maarufu wa Uswisi, Jean Piaget, aliyeliangalia jambo hilo kabla, aliona ni usemi wa mtoto ambaye bado hajajua kujiweka mahali pa msikilizaji, usemi unaonyauka kadiri anavyokua. Vygotsky hakukubali. Yeye na wenzake wakawapa watoto kazi ya kuchora, halafu wakawawekea vikwazo vidogo: rangi inayotakiwa haipo, au karatasi imekosekana. Minong'ono ikaongezeka karibu maradufu. Kumbe mtoto hupiga soga na nafsi yake kwa sababu kazi imemkaba na anatafuta njia.

Anasimulia habari za mtoto mmoja wa miaka mitano na nusu aliyekuwa akichora tramu, lile gari la reli la mjini. Ncha ya penseli ikavunjika. Mtoto akajisemea, "Imevunjika." Kisha akachukua rangi za maji, akaendelea: safari hii akachora tramu iliyopata ajali, imevunjika. Lile neno moja lilibadilisha picha nzima. Lilitoka mdomoni likarudi kichwani kuwa mpango.

Na baadaye usemi huo unakwenda wapi? Kwa Vygotsky, haunyauki. Unaingia ndani, unakuwa ile sauti ya kimya tunayofikiria nayo sisi watu wazima tukiwa kwenye daladala au tumelala macho usiku wa manane.

Nilipoyasoma hayo nilikuwa nimeshafundisha miaka 12. Nilifunga kitabu, nikatoka nje. Kwa miaka 12 nilikuwa nasimama mbele ya watoto wa darasa la kwanza, wanafanya hesabu za kujumlisha, nikisikia mnong'ono nauliza kwa sauti ya kishindo, "Nani huyo anaongea?" Kumbe yule alikuwa anafikiri. Alikuwa bado anafikiri kwa mdomo kwa sababu sauti ile haijamaliza safari yake ya kwenda ndani, nami nikamfungia njia katikati.

Sikujua, na wenzangu wengi hawakujua. Tulifanya tulivyofanyiwa, kwa nia njema. Lakini leo tunajua, basi naomba: mtoto akijisemea juu ya daftari lake, tumwache. Ndugu zangu walimu mlioko kazini, darasa la watoto 80 si mchezo, na kelele nazijua. Hata hivyo masikio yenu yanaweza kujifunza kutofautisha gumzo la utoro na mnong'ono wa kazi. Yangu yalijifunza, yakiwa yamechelewa.

Halafu kuna swali la pili, zito zaidi. Kama sauti ya ndani ya mtoto ni maneno yetu yaliyohamia kwake, ni maneno gani hayo? Mwanao atakapokuwa na miaka 30, yuko peke yake mbele ya kazi iliyomkatalia, ni nani atakayemnong'oneza? Ni yule anayesema geuza, geuza tena? Au ni yule aliyesema siku moja kwa hasira, bila hata kukusudia, kwamba huyu hafai kitu?

Sisemi tusikasirike. Nani asiyekasirika, umetoka kazini umebanana kwenye gari kwa saa 2, umefika umeme umekatika, na mtoto amemwaga maziwa? Nasema tu kwamba baada ya hasira kuna dakika nyingine, na katika dakika hiyo mtu anaweza kurudi akasema, "Haya, lete kitambaa tufute." Neno hilo nalo linahama.

Mkitaka kujua ni sauti gani imeshahama, si lazima mwende kwa mtaalamu. Watoto wakicheza mapishi ya mchanga au baba na mama, jibanzeni kidogo nyuma ya mlango msikilize. Yule aliyejifanya mama anaongea kwa sauti ya nani? Mara ya kwanza nilipomsikia binti yangu akimkaripia mwanasesere, niliitambua sauti. Haikuwa ya mama yake. Nilirudi ndani taratibu.

Kuna methali nyingine ambayo nimeitumia sana kwenye vikao vya wazazi: samaki mkunje angali mbichi. Siku hizi inanitia mashaka. Nia yake ni njema, kwamba malezi yaanze mapema. Lakini samaki anakunjwa tu. Hakutazami, hakushiki mkono, hakuulizi kwa nini. Mtoto yeye anakukunja nawe. Mzazi gani hapa amebaki vile alivyokuwa kabla hajaitwa baba fulani au mama fulani?

Ngoja niwapeleke Zagorsk, mji wa monasteri kaskazini mwa Moscow, ambao leo unaitwa Sergiyev Posad. Mwaka 1963 palifunguliwa huko makao ya kulea na kusomesha watoto wasioona na wasiosikia kwa pamoja. Hebu fikirini: hakuna sura ya mama, hakuna sauti yake, hakuna wimbo, hakuna kidole cha kuonyesha. Mtu aliyeongoza kazi hiyo ya kitafiti alikuwa Alexander Meshcheryakov, aliyefuata njia ya Vygotsky na ya mwalimu wake mwenyewe, Ivan Sokolyansky.

Walianzia wapi? Hawakuanza na herufi wala na maneno. Walianza na kijiko.

Mlezi alikaa nyuma ya mtoto, akaushika mkono wake wenye kijiko, wakachota supu, wakapeleka mdomoni. Mkono juu ya mkono. Mwanzoni mtoto alikuwa kama mzigo, au alikataa kabisa akakitupa kijiko. Mlezi akaokota, wakaanza tena. Siku baada ya siku. Kisha inafika dakika moja ambayo mkono wa mtoto unatikisika kidogo kwenda wenyewe. Ni mtikisiko mdogo sana, kama moyo wa kifaranga.

Hapo ndipo penye ufundi wote, na Meshcheryakov aliueleza kwa makini. Mlezi asipouhisi mtikisiko ule, akaendelea kuubeba mkono kama jana, mtoto anaacha kujaribu. Ataona kuna mtu wa kumfanyia. Mlezi akiuachia mkono ghafla, supu inamwagika na mtoto anakata tamaa. Kinachotakiwa ni kulegeza kidogo, kadiri ileile mtoto aliyoongeza. Mtoto akiongeza, wewe unapunguza. Akichoka, unarudi.

Kutokana na kijiko hicho kukaja kuvaa nguo, kunawa, ishara, alfabeti ya vidole, vitabu vya nukta nundu. Vijana 4 waliokulia mikononi mwa kazi hiyo walisoma Chuo Kikuu cha Moscow, kitivo cha saikolojia, wakahitimu mwaka 1977. Mmoja wao, Alexander Suvorov, aliyepoteza kuona akiwa na miaka 3 na kusikia akiwa na miaka 9, alipata shahada ya juu kabisa ya udaktari wa saikolojia mwaka 1996, akaandika vitabu na mashairi.

Ninapowasimulia watu habari hizo wengi husema, "Mungu ni mkubwa." Ni kweli. Nami huongeza kwamba kila siku, mara 3 kwa siku, kulikuwa na mtu mzima aliyekaa nyuma ya kiti akishika mkono wenye kijiko, akisubiri mtikisiko.

Je, nyumbani kwako kijiko ni kipi? Kwa bibi yangu kilikuwa kizio cha nazi. Kwako pengine ni kufunga kamba za viatu, kuchambua mchele, kupiga pasi, kuhesabu chenji ya duka. Ukiwa na haraka, kumfanyia mtoto ni rahisi kuliko kufanya naye, hilo silibishi. Asubuhi ya shule si wakati wa mafunzo ya kamba za viatu. Lakini Jumamosi je?

Simu nayo ipo. Sitaitukana, kwa kuwa hata mimi ninayo na wajukuu ndio walionifundisha kuitumia. Inaweza kumwonyesha mtoto mambo mengi mazuri. Haiwezi tu kuuhisi mkono wake unapoanza kwenda wenyewe.

Na tusisahau mikono mingine iliyomo ndani ya nyumba zetu. Katika miji yetu watoto wengi hushinda na dada wa kazi. Yeye ndiye anayewalisha, anayewaogesha, anayeitikia kidole kinaponyooka. Kwa kipimo cha Vygotsky, sehemu ya nafsi ya mwanao inajengwa katika mazungumzo yake na dada huyo. Basi tunamwamkia? Tunakula naye? Tunamuuliza kwao kukoje na amelalaje? Mtoto anaposikia namna baba na mama wanavyozungumza na dada, anajifunza mambo mawili kwa mpigo: namna ya kumwona mtu mwenye cheo kidogo, na namna ya kujiona yeye siku atakapokuwa mdogo mahali.

Kuna jambo jingine la Vygotsky ambalo walimu wanalifahamu zaidi. Chukua watoto 2 ambao wakipimwa kila mmoja peke yake wote wanafanya kazi za mtoto wa miaka 8. Utasema wako sawa. Sasa wape msaada kidogo: swali la kuwaelekeza, hatua ya kwanza ya jibu. Mmoja anafika kazi za miaka 9, mwingine anafika za miaka 12. Bado wako sawa? Vygotsky alisema kile mtoto anachokiweza leo akisaidiwa, ndicho atakachokiweza kesho peke yake. Basi anayemtazama mtoto kwa alama za mtihani tu anatazama nyayo. Anayekaa naye juu ya daftari ndiye anayeuona mguu unakoelekea.

Hili halikomi utotoni. Karibu na kwangu kuna gereji chini ya mwembe. Nilipita siku moja nikamkuta fundi amelala chini ya gari na kijana wake ubavuni, spana mkononi, fundi amemshika kifundo cha mkono. "Kaza," anamwambia. "Kaza. Hapo. Umesikia? Hapo panatosha, ukizidisha unakata nati." Kijana akatikisa kichwa. Alichosikia hakikuwa sauti. Kilikuwa uzito fulani kwenye kifundo cha mkono, ambao hauandikwi kitabuni, na ambao fundi yule naye alitiwa na mtu.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta kijana huyohuyo amemlaza dogo mwingine chini ya gari. "Hapo," anasema. "Umesikia?" Hata lafudhi ilikuwa ya fundi.

Kwa hiyo ninyi mlioko kazini, muuguzi mkuu wodini, mkuu wa masjala, fundi cherehani mwenye wasichana 2 wa kujifunza, kondakta mwenye kijana wa kupokezana naye: yuko nani ubavuni mwako mwaka huu? Amekwisha kuanza kutikisika? Umelegeza kidogo, au bado unashika kila faili mwenyewe kwa sababu ukiwaachia wataharibu? Wataharibu, ndiyo. Nami nilitia weusi kwenye tui la bibi mara nyingi, tukala wali hivyohivyo.

Nimeliacha mpaka sasa, kwa makusudi, jambo gumu kuliko yote.

Wazazi wengi wamenijia wakisema, "Mwalimu, nimewalea wote nyumba moja, chakula kimoja, dini moja. Mbona huyu katoka hivi na yule vile?" Huwa wanaona haya wakiuliza, kana kwamba wamekosea mahali.

Katika mmoja wa mihadhara yake ya mwisho, Vygotsky alieleza habari za watoto 3 wa familia moja walioletwa kliniki. Mama yao alikuwa mlevi na mgonjwa wa akili, na akilewa aliwatesa. Mama mmoja, nyumba moja, na kila mtoto alitoka na jeraha la namna yake. Mdogo alijaa hofu tupu, akawa anakojoa kitandani na ulimi unamshika. Wa pili alipasuliwa katikati: alimpenda mama yake sana na alimwogopa na kumchukia sana, kwa wakati uleule. Mkubwa, wa miaka 10 au 11, alielewa kwamba mama ni mgonjwa. Akawa ndiye mkubwa wa nyumba: anamtuliza mama, anawakinga wadogo. Alikuwa na busara isiyo ya umri wake, na furaha ya kitoto imemtoka.

Alichokuwa anakisema Vygotsky ni kwamba nyumba ni moja kwa anayeihesabu kutoka nje. Kwa ndani ziko nyumba 3, kwa sababu kila mtoto anayaishi yaleyale kwa umri wake, kwa kuelewa kwake, kwa moyo wake. Kwa hiyo mzazi unayejiuliza, si lazima pawe na kosa. Yule wa kwanza alizaliwa mkiwa mnapanga chumba kimoja na mnacheka sana. Wa tatu alizaliwa mwaka ambao baba alipunguzwa kazini. Mliwapa ugali uleule, lakini mlikuwa meza tofauti.

Tufanyeje? Tumuulize kila mmoja peke yake. Si kwa mahojiano. Watoto hawapendi kukalishwa kwenye kiti na kuulizwa. Mchukue mmoja mkafuate maji, au mwende kunyolewa pamoja, na njiani mwulize tu ile siku ya msiba wa babu yeye aliionaje. Utashangaa. Mlikuwa wote pale, na atakusimulia msiba usioujua.

Na yule mtoto mkubwa mnayemsifia kwamba ana akili za kikubwa, hasumbui, anawalea wadogo zake? Sifa zake ni za haki. Ila mara mojamoja mumwangalie mgongoni, muone amebeba nini. Mpeni Jumapili moja ya kuwa mtoto.

Vygotsky alizungumza pia juu ya vipindi ambavyo mtoto hubadilika ghafla, kimojawapo ni miaka 3. Wazazi wa watoto wa umri huo mnakijua bila kufundishwa. Mwambie aje, haji. Uliza anataka uji, hataki. Ukiuondoa, analia uji. Anakataa si kwa sababu ya uji bali kwa sababu wewe ndiye uliyesema. Na juu ya yote, kila kitu ni "mwenyewe": kuvaa mwenyewe, kumimina mwenyewe, kufungua mlango mwenyewe hata kama kitasa kiko juu ya kichwa chake.

Tunauita ukaidi. Lakini baada ya yote tuliyosema, hamwoni kama ni ule mtikisiko wa kwenye kijiko? Mkono umeanza kwenda wenyewe, kwa fujo kidogo, kwa kuwa bado hajui nguvu zake.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa binti yangu. Wao husaga nazi kwenye blenda, na silaumu, tui linatoka upesi na mikono haichubuki. Lakini mbuzi ya bibi ipo, iko stoo nyuma ya ndoo za rangi. Nikaitoa, nikaipangusa, nikamkalisha mjukuu wangu wa miaka 6. Magoti yangu hayakubali tena kuchuchumaa, kwa hiyo nilivuta kigoda nikakaa nyuma yake, nikapitisha mikono kwapani mwake, nikaufunika mkono wake.

"Geuza," nikamwambia. "Geuza tena."

Tulikuna kizio kizima hivyo. Kwenye kizio cha pili nilihisi kitu chini ya kiganja changu, nikajifanya sikukihisi, maana nilikuwa nimenogewa. Akasimamisha mkono. Akageuza shingo kunitazama.

"Babu, toa mkono."

Nikautoa. Nazi ikamponyoka, ikabingirika mpaka mlangoni, akaifuata mbio, akairudisha, akaisuuza, akakaa tena.